Hilo Gurudumu Nani Analisukuma?

Mfyuuu! Wazee mniwie radhi, leo nasonya kwa sauti na sababu ninayo. Imekuja tena ile video. Safari hii ni ringi la baiskeli limesimamishwa kwenye fremu ya mbao, limegandishwa sumaku za spika mzunguko mzima. Jamaa anasogeza sumaku nyingine kwa mkono, gurudumu linaanza kuzunguka, pembeni balbu inawaka. Juu yake maandishi makubwa: umeme wa bure maisha yote, sahau kununua umeme wa Luku. Imepita simu kwa simu hapa kijiweni, kila mtu ameachama mdomo, na dogo wetu wa bodaboda, kijana anayefungua injini nzima na kuirudisha bila kubakiza nati, anauliza sumaku za namna hiyo Kariakoo zinauzwa mtaa gani.

Hapo ndipo roho iliponiuma, kwa sababu kinachofuata nakijua. Mchoro unauzwa. Ukishalipia mchoro unaambiwa sumaku zako hazina nguvu, tafuta za neodimiamu. Ukishapata hizo unaambiwa umezibandika kwa pembe isiyo sahihi, kuna mchoro wa pili, nao una bei yake. Hela ya kutwa nzima juani, kupakia abiria na kukwepa mabasi, inaondoka kwa kubonyeza simu mara moja.

Simsonyi kijana, msinielewe vibaya. Mtu aliyepitia mgao wa umeme wa mwaka 2023, samaki wameharibika kwenye friji, kinyozi kafunga kibanda saa nne asubuhi, ukimwambia lipo gurudumu linalojizungusha lazima asogeze kiti. Na wazo lenyewe halikuanza na wajinga. Bhaskara, mwanahisabati mkubwa wa India wa karne ya 12, alieleza gurudumu lenye spoku za matundu, zimetiwa zebaki nusu nusu, la kuzunguka daima. Villard de Honnecourt wa Ufaransa, karne ya 13, alichora gurudumu lenye nyundo saba zinazoning'inia ukingoni, na daftari lake bado lipo maktaba ya taifa kule Paris. Petrus Peregrinus naye, akiwa na jeshi lililozingira mji wa Lucera huko Italia mwaka 1269, aliandika barua juu ya sumaku ambayo watu wa elimu wanaiheshimu mpaka leo, kwa jinsi alivyozieleza ncha mbili za sumaku. Ndani ya barua hiyohiyo kuna gurudumu la sumaku la kujiendesha. Ndoto ya dogo ina zaidi ya miaka 800, na walioiota kabla yake walikuwa vichwa.

Kinachoniudhi ni kwamba katika miaka yote hiyo jibu lilishapatikana, lakini kwake halikufika. Wanaompelekea video ni mamia. Wa kumpelekea hesabu hayupo. Na hesabu yenyewe inaanza na swali ambalo mtoto wa darasa la nne analiweza: hilo gurudumu nani analisukuma?

Tuanze na gurudumu la uzito, maana fundi redio wetu hapa alishalijenga na mabaki yake bado yananing'inia nyuma ya kibanda. Ni ringi la baiskeli lenye vipande vinane vya nondo vilivyofungwa kwa bawaba, kila kimoja kina nati ya lori mwishoni. Nondo ikipita juu inaangukia nje, kwa hiyo upande wa kulia nati zinashuka zikiwa mbali na ekseli. Upande wa kushoto zinajikunja, zinapanda zikiwa karibu na ekseli. Ukilitazama hivi unashawishika kabisa. Kila aliyewahi kufungua nati ngumu kwa spana ndefu anajua kwamba umbali una nguvu, sasa iweje upande wa mbali usishinde?

Lisukume. Beringi zake nzuri, linakwenda, linakwenda, linapunguza mwendo, linayumba mbele na nyuma, linatulia. Sasa usilishike, hesabu nati. Upande wa kulia ziko tatu, zote mbali. Upande wa kushoto zimejazana tano, zote karibu. Jicho liliona umbali, halikuhesabu idadi. Tatu za mbali na tano za karibu zimekabana, gurudumu halina pa kwenda. Fundi aliongeza nondo. Akazipinda. Akaweka gololi za chuma zibingirike kwenye vijia. Kila alipopata umbali upande huu, alipoteza idadi upande ule kwa kiasi hichohicho. Mwisho akaliacha, na nampa heshima yake, kwa sababu hakumuuzia mtu mchoro.

Kwa uzito uleule, mvuto wa dunia unalipa kwa kitu kimoja tu, nacho ni kimo ulichoshuka. Umepita kulia, umepita kushoto, umejikunja, umenyooka, hilo haliingii kwenye hesabu. Chukua ndoo ya maji ya lita 20, ipandishe mita 2. Umeiwekea jouli 392 za nishati. Ikishuka itakurudishia jouli 392, basi. Balbu ya wati 10 itawaka nazo sekunde 39. Na simu je? Betri ya kawaida ya miliampia 4,000 inahitaji jouli 55,000 hivi ili ijae. Hizo ni ndoo 140, kila moja ishushwe mita 2, na hapo tumechukulia kwamba hakuna kilichopotea njiani, jambo ambalo halipo. Dogo alipoisikia hesabu hiyo alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na wa kuzipandisha ndoo ni nani?" Nikamwambia kijana wangu, umeshafika.

Wapo waliolifanya jambo hili kwa uaminifu. Waingereza wawili, Martin Riddiford na Jim Reeves, walibuni taa wakaiita GravityLight, na Kenya ni mojawapo ya nchi ilikofika. Unaning'iniza mfuko wa mchanga au mawe wa kilo 12 hivi, unaunyanyua, unashuka polepole chini ya mita 2, na gia zinazungusha jenereta dogo. Mwanga ulidumu kama dakika 20 kwa kila kunyanyua. Ilifanya kazi kweli kwa sababu msukumaji wake alitajwa waziwazi: mkono wako. Ukiipigia hesabu, nguvu yake ilikuwa chini ya robo ya wati moja. Inatosha taa ndogo ya kusomea. Feni haitikisiki.

Sasa sumaku. Hii ndiyo tamu zaidi, kwa sababu nguvu yake unaihisi mkononi. Neodimiamu zilizotoka miaka ya 1980, zile unazozikuta ndani ya hadi diski za kompyuta mbovu, mbili zikikubania kidole unatoka damu. Mtu akishaonja nguvu hiyo utamwambiaje kwamba haiwezi kuzungusha ringi?

Kaa naye chini umwonyeshe polepole. Bandika sumaku moja ukingoni mwa ringi, simamisha nyingine kwenye nguzo, pande zinazovutana zitazamane. Achia. Ringi linakimbia kuelekea nguzo, na hapo ndipo watu wanapopiga makofi. Sumaku inafika mbele ya nguzo, inapita kidogo, inarudi, inagota. Imenasa. Haya, igeuze zisukumane. Sasa inafukuzwa vizuri kutoka kwenye nguzo, lakini ili ifike pale ilibidi wewe uishindilie kupitia msukumo uleule. Utasema tuweke bati katikati likinge pale inaponasa. Bati nalo linavutwa, na kulichomoa kunakula kile ulichokipata. Utasema tuzipange sumaku kwa mshazari, moja imsaidie mwenzake kuvuka. Pale pa kunasa panahama, panagawanyika vipande vidogo, na ringi likikamilisha mzunguko unapakuta panakudai chote. John Wilkins, askofu wa Uingereza wa karne ya 17, alieleza kifaa cha sumaku inayovuta gololi ya chuma kupandisha mteremko ili idondoke tunduni irudi chini. Kasoro yake aliiona mwenyewe: sumaku yenye nguvu ya kuivuta gololi mpaka juu haitaiachia idondoke.

Mzee wetu muuza kahawa ana hoja, na ni hoja ya maana kuliko zote nilizosikia hapa. Anasema, "Mwanangu, hiyo sumaku inashikilia picha kwenye mlango wa friji miaka 20 haichoki. Nguvu hiyo inaitoa wapi?" Mzee wangu, msumari ulioshika saa pale ukutani nao haujachoka, na hatujawahi kuuliza unakula nini. Kushika si kazi. Kazi ni kusogeza. Sumaku ikishasogea ikafika ilipotaka, imemaliza. Ukitaka isogee tena lazima mtu aitenganishe, na kuitenganisha kunagharimu kilekile ilichokupa ilipojivuta.

Halafu kuna wale wa kusema wakubwa wameuficha ugunduzi. Hapa nasonya mara mbili! Howard Johnson wa Marekani alipata hataza ya mota ya sumaku tupu mwaka 1979, namba 4,151,431. Nani kaificha? Imechapishwa, michoro iko wazi, mtu yeyote anaisoma. Hataza za Marekani wakati ule zililindwa miaka 17, kwa hiyo tangu 1996 kiwanda chochote duniani kina ruhusa ya kuitengeneza bila kumlipa mtu senti. Viwanda vya China vinavyotuletea mpaka vijiti vya meno vingeiacha hiyo? Hataza inakwambia nani aliandikisha wazo. Kwamba kitu kinazunguka, hilo unalithibitisha kwa kukizungusha.

Ile ya mota inayozungusha alteneta, alteneta inailisha mota, nyaya zimefungwa duara, nayo msiniletee. Alteneta ya gari ikijitahidi inakurudishia kama asilimia 60 ya kinachoingia. Mota tuipe 80, tuwe wakarimu. Uliingiza 100, zimetoka 48. Zirudishe ndani, zinatoka 23. Zirudishe tena, 11. Kabla hujamaliza kupiga picha imezima. Ya ekstensheni iliyochomekwa kwenye tundu lake yenyewe siizungumzii kabisa.

Sasa kama hesabu haikubali, mbona kwenye video linazunguka? Kwa sababu msukumaji yupo, kafichwa. Betri imechimbiwa kwenye ubao wa chini, mota ndogo imekaa ndani ya ekseli, koili iko uvunguni mwa meza, au feni inapuliza kutoka upande ambao kamera haigeukii. Mchezo huu ni wa kale. Mwaka 1813 Charles Redheffer alikuwa New York anatoza watu kiingilio kutazama mashine yake ya kujiendesha. Akaingia Robert Fulton, yule mhandisi wa meli za mvuke, akatulia kusikiliza. Sikio la fundi! Akasikia mwendo hauko sawa, unapanda na kushuka, kama ulivyo mwendo wa kitu kinachozungushwa na mkono wa mtu. Akabandua vibao vya ukutani. Nyuma yake kuna mkanda wa utumbo wa mnyama, unapita ndani ya ukuta hadi chumba cha darini. Wakaufuata. Huko juu wakamkuta mzee mwenye ndevu amekaa, mkono mmoja unazungusha wenzo, mwingine umeshika kipande cha mkate.

Mimi namfikiria sana mzee yule wa darini. Watu wamelipa kuliona gurudumu, yeye ndiye aliyekuwa gurudumu.

Kisa cha Johann Bessler ni kigumu zaidi na sitakipunguza ili nishinde ubishi. Mjerumani huyu, aliyejiita Orffyreus, alionyesha gurudumu lake la kwanza mjini Gera mwaka 1712. La Kassel la mwaka 1717 lilikuwa kubwa, kipenyo chake kinakaribia mita 4, limefunikwa turubai ili ndani pasionekane. Mtawala wa Hesse-Kassel, Karl, akalipatia gurudumu chumba katika ngome ya Weissenstein. Novemba mlango ukafungwa na kupigwa lakiri. Wiki mbili baadaye wakafungua: linazunguka. Wakafunga tena, wakafungua Januari 1718: linazunguka bado. Siku 54. Walioshuhudia hawakuwa watu wa mitaani. Bessler akataka pauni 20,000 kabla mtu hajatazama ndani. Mwaka 1721 profesa 's Gravesande kutoka Leiden akaja, akalikagua kwa nje, na Bessler akalivunjavunja kwa hasira. Mwaka 1727 mtumishi wake wa kike akasema gurudumu lilikuwa likizungushwa kwa mkono kutoka chumba cha pili. 's Gravesande mwenyewe hakumwamini mtumishi yule, na wapo wanaobishana mpaka leo.

Wabishane. Mimi natazama kitu kingine. Mtu anayejua anachokiuza hakatai kifunguliwe mbele ya mnunuzi, kwa masharti yoyote atakayoyapanga. Na tazameni mwisho wake: mwaka 1745 Bessler alikufa kwa kuanguka kutoka kwenye kinu cha upepo alichokuwa anakijenga. Fundi wa kiwango kile, mkono wa kujenga ringi la karibu mita 4 likazunguka bila kutetereka, umri wake wa nguvu umeteketea kwenye siri na ugomvi. Vinu vingapi vingesimama?

Akademia ya Sayansi ya Paris iliamua mwaka 1775 kwamba haitapokea tena mashine za kujiendesha daima. Watu wanaitaja kama ushahidi wa kiburi cha wasomi. Someni sababu waliyoitoa. Walisema utafutaji huu umefilisi familia, na kwamba mafundi ambao wangefanya makubwa wamemaliza humo mali yao, muda wao na vipaji vyao. Hiyo ni sauti ya mtu aliyemwona jirani yake akiuza kitanda. Naisikia vizuri, maana dogo anataka kuuza simu ya pili anunue sumaku.

Na si mambo ya zamani tu. Kampuni ya Steorn ya Dublin ililipia tangazo katika gazeti la The Economist mwaka 2006, ikadai sumaku zake zinatoa nishati zaidi ya zinayopokea, ikaita wanasayansi waje waamue. Maonyesho ya London mwaka 2007 yalishindikana, wakalaumu joto la taa za ukumbini. Mwaka 2009 jopo la wanasayansi walilolichagua wenyewe likasema kwa kauli moja halijaonyeshwa nishati yoyote. Mamilioni ya yuro za wawekezaji yalikuwa yameshaingia.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye laiti ningekuwa na uwezo, video yake ndiyo ingezunguka hapa kijiweni. James Joule. Hakuwa profesa. Alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha pombe kule Salford, karibu na Manchester, na majaribio yake aliyafanya nyumbani. Alianza wapi? Palepale alipo dogo. Akiwa hajafika miaka 20 alikuwa anatengeneza mota za sumaku za umeme, akiamini zitatoa nguvu isiyo na mwisho na kuiondoa mashine ya mvuke. Tofauti yake ni kwamba alipima. Akapima kazi iliyotoka kwenye mota, akapima zinki iliyoliwa ndani ya betri, akalinganisha bei ya zinki na bei ya makaa ya mawe. Zinki ilikuwa ghali mno. Ndoto ikavunjika mezani kwake, kwa mkono wake mwenyewe.

Hakukasirika akavunja mashine. Akauliza: basi ile kazi inakwenda wapi? Akachukua uzito, ule ule wa magurudumu yetu, akaufunga kamba ili ukishuka uzungushe makasia ndani ya chombo cha maji. Uzito unashuka, makasia yanakoroga, maji yanapata joto kidogo sana. Anaupandisha, anaushusha, anasoma kipimajoto, anarudia. Miaka ya 1840 karibu yote iliishia humo. Akaikaribia sana bei kamili: ili kilo moja ya maji ipande joto nyuzi 1 ya selsiasi, kilo moja lazima ishuke kama mita 427. Hiyo ndiyo sababu gurudumu la fundi redio linasimama. Nishati yake haikupotea, imekuwa joto kwenye beringi na hewani, dogo sana hata kidole hakilihisi. Na ule mzani ambao mwanzoni tumepimia ndoo, jouli, unaitwa kwa jina la kijana yule wa mota za sumaku.

Ndiyo maana nasonya. Mikono hii ya hapa kijiweni si ya kudharau. Vifaa vilevile, sumaku, ringi, nyaya, vikipewa msukumaji wa kweli vinafanya maajabu. William Kamkwamba wa Malawi, jirani zetu hapa, alitolewa shule wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002 kwa kukosa ada. Akiwa na miaka 14 alikuta kitabu cha nishati katika maktaba ndogo ya shule ya msingi. Akatafuta fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki ya kukunjua yawe mapanga, na dinamo ya baiskeli, akasimamisha juu ya nguzo za mkalitusi. Taa zikawaka nyumbani kwao. Ndani ya dinamo ile kuna nini? Sumaku! Sumaku inapita mbele ya koili, umeme unatoka. Ila ukimuuliza Kamkwamba nani analisukuma, anakuonyesha upepo.

Na gurudumu la uzito lipo, tena ni letu. Liko Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115, na kinachoizungusha ni uzito wa maji yanayoshuka. Nani anayapandisha? Jua. Linayainua kutoka baharini, mvua inayamwaga nyanda za juu, mito ya Kilombero na Ruaha Mkuu inayaleta. Mvua ikikosekana mabwawa yanashuka na mitambo inapumzishwa, tuliyaona hayo. Gurudumu lolote la kweli ukimwondoa msukumaji wake linasimama.

Kwa hiyo mwenye mashine yake ya bure ailete hapa, nitamnunulia kahawa na kashata na sitamkejeli. Masharti ni machache. Isiwe na betri wala waya unaoingia ukutani. Tuiweke barazani juu ya kiti, tuone chini na nyuma yake. Iwashe balbu ya wati 10, iwake usiku kucha, na fundi redio awe na ruhusa ya kuifungua kabla na baada. Aliyegundua kitu cha kubadilisha dunia hawezi kuogopa bisibisi ya fundi wa mtaani.

Dogo sasa haulizi tena sumaku. Anasema kwao Ludewa, chini ya shamba la mjomba wake, kuna kijito hakikauki, na pana mteremko. Fundi redio kaacha soda mkononi. "Mteremko mrefu kiasi gani?" Dogo anasema kama kimo cha mnazi mdogo, tuseme mita 5. Fundi akaanza kuandika kwenye boksi la sigara: kama zinashuka lita 10 kwa sekunde, mita 5, hapo kuna wati 490. Nusu ipotee kwenye bomba na mtambo, zinabaki 245. Usiku na mchana. Hizo ni balbu 24 za wati 10, au ni nyumba ya mjomba, ya jirani na mashine ya kunyolea.

"Lita 10 nitazijuaje, fundi?"

"Mpigie mjomba wako asubuhi. Akayakinge maji yote yaelekee kwenye bomba moja, aweke ndoo ya lita 20 chini, atazame saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 2, ni lita 10. Ikijaa kwa sekunde 5, ni lita 4. Apime sasa, halafu apime tena Oktoba wakati wa kiangazi, asikudanganye na maji ya masika. Na huo mteremko asikadirie kwa macho, achukue kamba."